Kulegeza Taya

Watu wa Arusha wanaijua sauti yangu hata kama jina langu hawalijui. Jumamosi ukisimama Kijenge au njia ya Kisongo, ukasikia honi za msafara wa harusi, halafu juu ya honi zote ukasikia kitu kinachochana hewa kama khanga inayoraruliwa, basi hiyo ni saksafoni yangu. Naitwa Meshack Sumari, napiga matarumbeta ya harusi juu ya pikapu. Sisemi hivyo kwa majivuno. Kazi hiyo ndiyo iliyoniharibu mdomo, na kuutengeneza kuliniumiza kuliko kuuharibu.

Watu hudhani saksafoni ni pumzi tu. Hebu panda wewe kwenye pikapu na wenzako watano na ngoma mbili, dereva ana haraka ya kuwahi ukumbini, na mikono yako yote miwili iko kwenye vitufe. Utajishikilia kwa nini? Kwa miguu uliyoikita kwenye bodi, na kwa meno uliyoyang'ata kwenye mausipisi, kile kipande cha juu kinachoingia kinywani. Gari likiruka tuta nawe umelegea, chuma kinakurudi kwenye meno. Loserian, mpiga tarumbeta na kiongozi wetu, ana jino la mbele lililokatika nusu kwa sababu ya tuta moja la Lemara. Kwa hiyo tunang'ata. Mgeni akijiunga na kundi, jambo la kwanza tunalomfundisha ni kung'ata.

Mimi nilikuwa nimeshafundishwa hata kabla ya pikapu. Kwetu mlimani, kwenye usharika wetu wa Kilutheri, kikundi cha matarumbeta kilikuwa na saksafoni moja tu kati ya tarumbeta kumi na kitu, na mwalimu wetu alikuwa mtu wa tarumbeta. Akanipa alichokuwa nacho: vuta pembe za mdomo nyuma, kaza midomo kama mtoto anayekataa dawa. Kwa tarumbeta alikuwa hajakosea sana. Kwa saksafoni alinitia ulemavu, Mungu amrehemu, na kanisa zima likapiga makofi.

Nilikuwa nimefika umri wa kuota mvi za kidevuni nilipoanza kutaka kiti. Nasema kiti, chenye miguu minne na mgongo. Kuna hoteli moja upande wa Kisongo ambayo ina bendi inayopiga jioni wageni wakila, na wapigaji wake hukaa. Wanakaa, wanapiga polepole, mtu anaacha kijiko ili asikilize. Nilipita pale siku moja na msafara wa harusi, tukashusha maharusi, nikasimama mlangoni nikawatazama hadi Loserian akaja kunivuta shati. Tangu siku hiyo pikapu ilinichosha. Mimi nilitaka kabla sijafa mtu mmoja anisikilize akiwa ametulia, bila kupunga kitambaa na bila kupiga honi.

Nikamwendea Emmanuel, kiongozi wa bendi ile. Alikuwa mstaarabu. Alinisikiliza wimbo mmoja, akaweka mkono kifuani.

"Kaka, sauti yako ni ya barabarani," akasema. "Inakata. Humu ndani wageni watakimbia na sahani. Unang'ata sana. Unamjua Bi Salwa wa Kijenge?"

"Yule aliyekuwa bendi ya kiwanda?"

"Huyo huyo. Nenda akulegeze. Yeye akisema uko tayari nakuchukua, hata sikusikilizi tena. Sikio la yule mama nalijua."

Bi Salwa nilimjua kwa jina kama kila mpigaji wa mji huu. Enzi ambazo kila kiwanda kilikuwa na bendi yake, yeye alikuwa mwanamke pekee aliyepuliza saksafoni Arusha nzima, binti wa mfanyabiashara aliyetoka Tanga, na walimtukana hadi walipochoka wakaanza kumpenda. Nilichokuwa sikijui ni kwamba hapigi tena. Uso wake ulikuwa umepooza upande wa kushoto. Jicho moja halikufunga vizuri, na pembe ya mdomo ilining'inia, akinywa chai anaishikilia kwa kidole. Watoto wake wako Tanga na Maskati. Aliishi peke yake na wapangaji ambao hawakujua kama aliwahi kushika hata filimbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Mmeru wa Emmanuel? Kaa. Toa hicho chombo, puliza noti moja, ndefu."

Nikapuliza. Hapohapo akanyanyuka, akashika shingo ya saksafoni, akavuta. Kichwa changu kikafuata. Akavuta kulia, kichwa kikaenda kulia, akavuta kushoto, nikaenda kushoto, hadi akacheka kwa nusu ya uso iliyobaki.

"Mbuzi huyu kafungwa kamba," akasema. "Chombo nikikivuta kinatakiwa kitoke, wewe ubaki ulipo. Nyinyi Wameru mnabana kila kitu, hata salamu mnaitoa kwa masharti. Njoo kesho."

Bahati ilikuwa moja. Mwaka ule Kwaresma na Ramadhani viliingia pamoja. Wakristo hawaoi, Waislamu hawaoi, pikapu imefunikwa turubai, na mimi sina pa kwenda kung'ata. Kila alasiri nilitembea kutoka chumba changu cha Lemara hadi kwake. Yeye amefunga swaumu, mimi nimefunga mdomo, ndivyo alivyosema, tuone nani atafuturu kwanza.

Malipo hakutaka. Nilimletea ndizi za mshare kutoka shambani kwa mama yangu na maziwa ya mgando, akapokea kama mtu anayepokea haki yake.

Samaki mkunje angali mbichi, na mimi nilikuwa nimeshakauka. Alianza kwa kuniondolea meno. Alitaka nifunike meno ya juu na ya chini kwa midomo, kama kibogoyo, halafu nipulize hivyo. Ukijaribu kung'ata ukiwa umefunika meno unajing'ata mwenyewe. Siku za mwanzo nilitoka pale na damu kwenye mdomo wa ndani, nikala uji tu. Sauti yenyewe ilikuwa aibu, upepo mwingi na mlio wa ndama. Wapangaji walifunga madirisha.

"Puliza kama unampozea mgonjwa uji," alikuwa akisema. "Siyo uji wako wewe mwenye njaa. Wa mgonjwa. Taratibu, na usimwagike."

Kwa kuwa hakuweza kupuliza mwenyewe, hakunionyesha chochote. Kila kitu alikisema. Alisema pembe za mdomo zije ndani, zikumbatie, zisikimbilie masikioni. Kidevu kitulie. Ridi, kile kijiti cha mwanzi kinachotetemeka, nikiache kitetemeke, kwani kimenikosea nini? Taya liwe kama la mtu aliyelala garini, na hewa ndiyo ifanye kazi, hewa kutoka tumboni. Kisha aligeuza kiti chake kuelekea ukutani, akanipa mgongo, akasikiliza. Nikimaliza noti alisema neno moja.

"Bado."

Nilimwuliza kwa nini ananipa mgongo. Akasema uso wangu unamdanganya, ukutani hakuna uso.

Pasaka ikafika, Idi ikapita, na Arusha yote ikaanza kuoa kwa fujo. Loserian akaja kwangu Lemara akiwa na furaha ya mtu mwenye kazi nyingi kuliko mikono.

"Oya Meshack, Jumamosi tuna msafara mara mbili. Njoo saa nne, tutakuwa stendi ya magari ya mchanga."

"Sipandi pikapu kwa sasa," nikamwambia. "Mdomo wangu unatengenezwa. Nikipanda mara moja tu, yote yanarudi."

Alinitazama kama niliyemwambia nimekwenda kwa mganga.

"Unazingua, mwanangu. Unatuacha sisi kwa ajili ya bibi mwenye mdomo wa upande? Yeye wa kwake umemshinda, wa kwako atauweza?"

Nilitaka kumpiga. Badala yake nikafunga mlango, nikapuliza noti ndefu hadi jirani akagonga ukuta. Kutopanda pikapu maana yake ilikuwa kupanda mlimani asubuhi kupalilia kahawa ya mama kama kijana asiye na kazi, kisha kushuka hadi Kijenge na matope ya masika kwenye viatu. Mama yangu hakuelewa, lakini alinifungia ndizi. Nilikuwa naishi kwa ajili ya neno moja la yule mwanamke, na alikuwa halisemi.

Kuna alasiri moja mvua ilikuwa imetoka kukatika. Nilipuliza noti ya chini kabisa, ile ambayo mng'ataji haipati maisha yake yote, kwake inapasuka au inaruka juu. Ikatoka. Ilitoka nene, ya joto, ikajaa chumbani, na sikuwa nimefanya kitu chochote kuitoa. Nikaishikilia hadi pumzi ikaisha. Mabega ya Bi Salwa yalikuwa yanatikisika pale ukutani. Nikadhani anakohoa.

"Vipi, mama?"

Alipangusa uso kwa mtandio bila kugeuka.

"Bado," akasema. "Rudia."

Nikarudia. Nilirudia siku hiyo hadi maghrib, na siku iliyofuata, na wiki zilizofuata. Mpuliza saksafoni anajisikia kwa mifupa ya kichwa chake mwenyewe, na mifupa hiyo ina uongo mwingi. Ndiyo maana unahitaji sikio la mtu mwingine. Mimi sikio langu lilikuwa Bi Salwa. Aliposema bado niliamini bado, nikajilaumu, nikadhani nimeng'ata mahali ambapo mimi sipasikii. Kuna usiku niliota nang'ata.

Mwezi wa sita, watalii walipoanza kujaa, Emmanuel akapata nafasi ya saksafoni. Sikuambiwa na mtu. Nilisikia tu kwamba kijana mmoja wa Moshi amechukuliwa. Niliumia, lakini niliumia kwa adabu. Nilijiambia: si uko bado? Kiti huja kwa aliye tayari. Nikaenda Kijenge kama kawaida, na Bi Salwa akanipokea kwa chai ya tangawizi, akawa mchangamfu kuliko siku zote, akanisimulia habari za bendi ya kiwanda hadi jua likazama. Sikujiuliza furaha ile imetoka wapi.

Mwezi wa saba shangazi yangu Elieshi akafariki. Tukamzika nyumbani, migombani, kwenye baridi ile ya mlimani inayomfanya mchungaji aseme sala fupi. Familia ikaniomba nipige tenzi wakati wa kufukia kaburi. Nilisimama kwenye udongo uliotulia, hakuna pikapu, hakuna honi, na nikapuliza nilivyofundishwa. Nilimpozea shangazi uji. Watu waliokuwa wanasukuma udongo kwa majembe walisimama. Mama yangu alinishika mgongoni kwa kiganja, akakiacha pale hadi mwisho.

Emmanuel alikuwepo. Mkewe ni ndugu wa mume wa marehemu, jambo ambalo sikulijua. Baada ya mazishi watu walipokuwa wanapokea bakuli za loshoro, ule uji wetu wa mahindi na maziwa ya mgando, alinifuata nyuma ya zizi. Hakunipa hata pole.

"Ulianza lini kupiga hivi?"

"Hivi vipi? Bado najifunza."

"Nani kasema bado?"

"Bi Salwa."

Akatazama chini akisugua kiatu kwenye nyasi.

"Meshack, mimi nilimpigia simu yule mama tangu mwezi wa tano. Nikampigia tena kabla ya kumchukua yule dogo wa Moshi. Nikampigia mara ya mwisho, nikamwambia, mama, nafasi inafungwa, Meshack vipi? Akaniambia bado sana, labda mwakani, labda hatafika kabisa. Kaka, hii sauti haijaanza wiki iliyopita. Mtu hapati sauti hii kwa wiki."

Nilikuwa na bakuli mkononi. Nakumbuka niliendelea kunywa, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mdomo wangu.

Kesho yake nilishuka Kijenge bila saksafoni na bila ndizi. Alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo. Sikumwamkia. Mtu wa kwetu anaweza kumwibia mtu mzima ng'ombe na bado akamwamkia. Mimi nilimnyima shikamoo, na aliponitazama alielewa kila kitu.

"Umeonana na Emmanuel," akasema.

"Nilikuwa tayari tangu lini?"

Aliweka ungo chini.

"Tangu ile siku mvua ilipokatika. Ile noti ya chini."

Nilitegemea atakana. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nina maneno yangu yote. Sikuwa nimejiandaa kwa mtu anayekiri kama anayetaja bei ya nyanya.

"Kwa nini, mama? Mimi nilikukosea nini? Niliacha kazi. Nilishinda nalima kahawa kama kibarua ili nije kukaa mbele ya mgongo wako!"

"Usinipigie kelele, wapangaji wanasikia."

"Wasikie!"

Akafuta mdomo wake kwa ncha ya mtandio, ule upande unaovuja akisema sana.

"Unajua mimi nimekaa miaka mingapi sijaisikia ile sauti?" akasema. "Daktari aliniambia nishukuru nipo hai. Nikashukuru. Nikaja hapa nikakaa na ukuta. Halafu ukaja wewe na taya lako la mbuzi, nikakuonea huruma, nikasema nimfundishe apate riziki. Wallahi nilisema hivyo. Sasa siku ile ukapuliza. Nimekupa mgongo, sikuoni, naangalia ukuta. Meshack, ile haikuwa yako. Ilikuwa yangu. Noti kwa noti. Nilijisikia mimi napiga, mimi Salwa, mdomo mzima. Niseme uko tayari, uende ukawapigie Wazungu wakitafuna nyama? Nami nibaki na nini?"

"Ungeniambia. Ningekuwa nakuja."

"Usingekuja. Ungekuja mara mbili, kisha ungenitumia salamu. Nimefundisha wengi kabla yako. Salamu zao ninazo za kutosha."

Nilimwambia maneno ambayo mengine siwezi kuyaandika, na siyajutii. Nilimwambia uso wake umepooza kwa sababu Mungu aliuona moyo wake mapema. Alisikiliza yote. Nilipofika getini alisema nyuma yangu, siyo kwa sauti kubwa, "Fadhila ya punda ni mateke." Nikarudi hatua mbili nikamwuliza punda ni nani kati yetu, aliyebeba au aliyebebwa. Kisha nikaondoka.

Jumamosi iliyofuata nikapanda pikapu. Loserian hakuniuliza kitu. Alisogea nikapata nafasi. Msafara ulitoka Kisongo kwenda Lemara, na tuta la kwanza liliponipiga chuma kwenye meno, nikang'ata. Niling'ata kwa hasira, kwa makusudi, na sauti ikatoka nyembamba, kali, na akina mama kwenye gari la mbele wakatoa vichwa dirishani wakapiga vigelegele. Bwana harusi alipunga mkono. Hao ndio watu wangu, nikajiambia. Nilipiga hivyo kila Jumamosi hadi Krismasi, na katikati ya wiki sikugusa chombo. Sikutaka kuisikia ile sauti nyingine. Nilipokuwa peke yangu nilikuwa nakuta meno yangu yameumana hata nikiwa napiga mswaki.

Mwezi wa kwanza Emmanuel akanipigia simu. Kijana wa Moshi amepata bendi Dar es Salaam.

"Kiti chako hiki hapa, kaka. Safari hii simpigii mtu. Njoo Jumatano upige mbele ya meneja, iwe desturi tu, mimi nimeshamwambia habari za msibani."

Nilifua shati. Nilikwenda Kisongo nikiwa nimejaa furaha ya kijinga, nikakaa kwenye kiti, kiti chenyewe, kina mto mwekundu. Meneja, dada mmoja anaitwa Brenda, aliweka simu yake mezani kwa heshima ili anisikilize. Nikafunga macho. Nikajiambia yale yote: pembe ndani, kidevu kitulie, uji wa mgonjwa. Nikapuliza ile noti ya chini.

Ikapasuka, ikaruka juu, ikalia kama bawaba.

Nikajaribu tena. Nililegeza taya, nikasikia limelegea, naapa lililegea, na bado meno yalikuwa yamekaza kama koleo. Kadiri nilivyotaka kulegea ndivyo nilivyobana. Nilipiga wimbo mzima hivyo, kwa sababu sikujua jinsi ya kuacha. Brenda alishukuru kwa adabu, akachukua simu yake. Emmanuel alinisindikiza hadi nje akiwa ameshika mkoba wangu wa saksafoni kama ninayeumwa.

"Siyo ile ya msibani," akasema.

"Najua."

"Naweza kumchelewesha Brenda hadi Pasaka. Kwaresma hapa kunapoa, hatutahitaji mtu sana. Lakini ukija tena, kaka, usije na hii."

Nilitembea sehemu kubwa ya njia. Nilimlaani Bi Salwa, nikamlaani mwalimu wa usharika, nikamlaani Loserian na kila dereva aliyewahi kuruka tuta. Nilipomaliza kuwalaani wote, mdomo wangu ulikuwa bado ni uleule. Nilijaribu peke yangu chumbani wiki nzima. Kila noti ilinisikikia kuwa nzuri, kisha kila noti ilinisikikia kuwa mbaya. Sikuwa na sikio. Mji mzima wa Arusha una sikio moja, na liko Kijenge, na nimelitukana.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jumatano ya Majivu, pikapu ilipofunikwa turubai, nikanunua sukari, nikabeba saksafoni na ndizi, nikaenda kuinama.

Alikuwa ameketi barazani. Alikuwa amepungua, mtandio unamzidi. Nilisimama getini nikitafuta hasira yangu, nikaikuta ipo, nzima, haijaguswa, na nyuma yake ipo haja, kubwa kuliko hasira.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akaitikia upesi, kana kwamba alikuwa ameishika hiyo marahaba mkononi tangu mwezi wa saba. "Umekonda. Ingia."

Hakuomba radhi. Mimi pia sikuomba. Nilimweleza habari za Emmanuel na kiti na Pasaka, akasikiliza akiwa ameshika pembe ya mdomo wake kwa kidole. Alitaka kusikia nimeharibika kiasi gani. Nikapuliza noti moja tu. Alifumba jicho moja, lile jingine likabaki wazi.

"Umeng'ata kwa hasira," akasema. "Hiyo ni mbaya kuliko kung'ata kwa woga. Lakini inatoka. Nikikushika sasa, Pasaka utakuwa umerudi."

"Na nikirudi, utaniambia?"

 Mpangaji mmoja akapita na ndoo, akatusalimu, tukamjibu wote wawili kwa uchangamfu mkubwa.

"Nitakwambia siku hiyohiyo," Bi Salwa akasema. "Nitampigia Emmanuel mbele yako. Ila uniahidi jambo moja. Ukishapata hicho kiti, uwe unakuja. Siyo kila siku. Jumatatu tu, bendi ikipumzika. Uje unipigie nusu saa, mimi nikiwa na ukuta wangu. Niahidi, Meshack. Sina kingine ninachotaka kwako."

Nilimtazama usoni, pande zote mbili. Nilikuwa nimeshaamua tangu njiani kwamba siku nitakayokalia kile kiti ndiyo siku ya mwisho kukanyaga Kijenge, hata wakinipigia simu kwamba anakata roho.

"Nakuahidi, mama," nikasema. "Kila Jumatatu."

Maneno yalitoka mazito, ya joto, taya langu likiwa limelegea kuliko lilivyowahi kulegea maishani. Bi Salwa akatabasamu kwa nusu yake, akanishika mkono akaubusu, akaniambia nifungue chombo tuanze na noti za chini.